Nilifuata Vipuri Pune na Ludhiana, Nikakutana na Kabaddi

Haya nimeyaandika baada ya kurudi Mombasa, nikiokoteza kutoka kwenye daftari la bei, risiti na picha za simu. Daftari lilikuwa la vipuri vya bodaboda na baiskeli, maana ndiyo riziki yangu, lakini baada ya kurasa chache za mwanzo bei za cheni na breki zinaanza kugombania nafasi na mambo ya kabaddi. Kwa asiyeijua, kabaddi ni mchezo wa Kihindi wa timu mbili usio na mpira, fimbo wala goli. Kinachotakiwa ni watu, mistari na pumzi.

Ijumaa, 12 Januari 2024: Nairobi kwenda Mumbai

Mwezi ule shilingi yetu ilikuwa hoi. Rupia moja ilikaribia shilingi mbili, kwa hiyo bei zote mtakazoziona hapa chini zidisheni mara mbili mpate uchungu niliokuwa nao mimi.

Ndege ya moja kwa moja ni kama saa sita. India wametutangulia kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayosumbua: kwa siku kadhaa nilikuwa nikitazama saa ya simu na bado nauliza watu.

Kwa atakayefuata: visa iombwe mtandaoni mapema, usingoje wiki ya safari. Cheti cha homa ya manjano kikae mfukoni mwa shati, kisifungiwe kwenye begi, kwa sababu dawati la afya unalikuta kabla ya uhamiaji. Mzee mmoja wa kutoka Eldoret alikuwa amekiweka ndani ya sanduku lililokuwa bado linazunguka kwenye mkanda. Tulimwacha amekaa kwenye benchi pembeni.

Jumamosi, 13 Januari: Mumbai kwenda Pune

Nililala nyumba ya wageni karibu na stesheni ya Dadar, chumba cha rupia 1,800 ambacho ukifungua mlango sharti upande kitandani. Asubuhi nilikula vada pav, yaani kiazi kilichopondwa, kikakaangwa ndani ya unga wa dengu, kikatiwa kwenye mkate na chatne ya vitunguu saumu. Rupia 20. Mtu wa Pwani aliyekulia bajia na kachiri hajioni mgeni hata kidogo.

Kwenda Pune nilichukua Deccan Queen, treni iliyoanza kazi mwaka 1930 na ambayo mpaka leo ina behewa la chakula. Inaondoka Mumbai saa kumi na moja na dakika kumi jioni na kuingia Pune baada ya saa tatu na robo hivi, ikipanda milima ya Bhor Ghat katikati ya mahandaki. Kiti cha kawaida kilikuwa kama rupia 120. Tiketi alinikatia mpwa wangu anayesoma Pune, na nawashauri mtafute mtu kama yeye, kwa sababu kujisajili kwenye mfumo wao kwa namba ya simu ya kigeni ni kazi ya kutwa nzima.

Alinipokea stesheni. "Shikamoo mjomba," kisha kabla sijamaliza kuitikia marahaba: "Tuharakishe, kuna mechi."

Jumapili, 14 Januari: Pune

Maduka ya jumla yamefungwa. Nililala sana, jioni tukatazama televisheni. Ligi ya kulipwa, Pro Kabaddi, ilianza mwaka 2014 na huhama mji hadi mji. Wiki ile ilikuwa Jaipur, baada ya kutoka Mumbai siku chache tu kabla sijatua. Nilichokiona ni taa, mikeka ya rangi, na jitu moja linaingia upande wa pili, linachezesha mguu, kisha watu wote wanaliangukia. Mpwa wangu na wenzake wa mtaa wa Kondhwa walikuwa wakipiga kelele wakati ambapo mimi naona hakuna lililotokea, na wakinyamaza wakati mimi nimesimama.

Jumatatu, 15 Januari: Pune, Makar Sankranti

Sikukuu. Angani tiara, mitaani watu wanagawa tilgul, vidonge vya ufuta na sukari guru. Mama mmoja nisiyemjua alinisimamisha nje ya duka la dawa, akaniwekea viwili kiganjani, akasema maneno yao ya siku hiyo, kwamba tule kitamu na tusemezane kwa utamu, akaenda zake.

Jioni mpwa wangu alinipeleka kwenye uwanja wa klabu moja katika mitaa ya zamani. Hapo hapakuwa na mkeka. Ni udongo uliochujwa, ukamwagiwa maji na kusawazishwa kwa reki, mistari ya chokaa, vijana miguu pekupeku. Watu wa jimbo hili la Maharashtra wanaringia kabaddi, na wana haki: sheria za mwanzo za maandishi zilitungwa huku katika miaka ya 1920, na kabla jina la kabaddi halijatawala, wenyewe waliuita hututu. Kusini, kwa Watamil, ni sadugudu. Bangladesh, ambako ndio mchezo wa taifa, ni hadudu.

Mchezo unakwenda hivi. Uwanja wa wanaume ni mita 13 kwa 10, umekatwa katikati kwa mstari. Kila upande watu saba. Timu moja inamtuma mtu mmoja, nitamwita mvamizi, avuke mstari aingie kwa wapinzani huku akitamka "kabaddi, kabaddi, kabaddi" kwa pumzi moja. Akimgusa mlinzi na kufanikiwa kurudi kwao, aliyeguswa anatoka nje na timu ya mvamizi inapata pointi. Wakimshika asirudi, anatoka yeye na pointi ni yao. Ana sekunde 30, kisha ni zamu ya upande wa pili kutuma mtu. Wanaume hucheza vipindi viwili vya dakika 20, wanawake dakika 15 kwenye uwanja mdogo kidogo.

Kuna jambo moja televisheni haikunionyesha. Kila kijana alipofika kwenye mstari wa kati, kocha, mzee mfupi mwenye sweta ya rangi ya haradali, alimzuia kwa sauti: "Wangapi?" Kijana sharti ataje idadi ya walinzi waliobaki uwanjani ndipo avuke. Akikosea anarudi kupanga foleni. Mmoja alitaja watano bila kutazama, nao walikuwa sita. Mzee alimrudisha kwa kidole tu. Miguu nilikuwa nikiitazama mimi mgeni. Mzee alikuwa anafundisha hesabu.

Aliyenikaa akilini ni kijana mwembamba, mvamizi, na mlinzi wa pembe ya kushoto. Walinzi wa pembeni huinama, mikono karibu na ardhi, wakienda upandeupande kama kaa wa Nyali. Mwembamba aliingia, akanyoosha kidole cha mguu, akakirudisha. Akanyoosha tena. Sauti yake ya kabaddi-kabaddi ilikuwa ya chini, haina haraka. Mara ya tatu aliuchelewesha mguu kidogo mno, na mlinzi akaukamata kifundoni kwa mikono miwili, akauvuta kifuani. Kufumba na kufumbua watu wanne juu yake. Ukaonekana mkono mmoja unatambaa chini ya lile rundo, vidole vinakwaruza udongo, mpaka ncha ya kidole cha kati ikagusa chokaa ya mstari. Mwamuzi akaonyesha vidole vinne: kwa kuwa ameufikia mstari, wote waliomshika wametoka. Kijana aliinuka amejaa udongo mdomoni, akatema, akarudi kwao.

Kwa atakayefuata: viwanja hivi havina kiingilio. Fika jioni, vua viatu kabla ya kukanyaga udongo wao, na ukitaka kupiga picha omba kwa kocha kwanza. Mimi nililetewa chai kabla sijaomba chochote.

Jumanne, 16 Januari: Pune

Nana Peth, mtaa wa vipuri vya pikipiki, tangu asubuhi hadi miguu ikafa ganzi. Bei za cheni na pedi za breki zilikuwa nzuri. Bei ya kusafirisha haikuwa nzuri. Muuzaji mmoja alinipokea malipo ya awali na kunipa risiti yenye idadi tofauti na tuliyokubaliana, na ilinichukua saa nzima ya kukaa dukani kwake bila kuinuka mpaka akaiandika upya. Hesabuni boksi wenyewe, mbele ya muuzaji.

Chakula cha mchana misal pav, mchuzi wa choroko zilizoota wenye pilipili ya kumtoa mtu jasho masikioni. Rupia 90 na mkate wa ziada.

Jumatano, 17 hadi Ijumaa, 19 Januari: kwenye treni, Pune kwenda Ludhiana

Kuna treni inayotoka Pune hadi Jammu ikipitia Delhi na Ludhiana, kwa hiyo hubadilishi. Daraja la tatu lenye kiyoyozi, vitanda vya ghorofa tatu, kama rupia 2,000 na shuka zao. Chukueni kitanda cha juu; cha chini ni kiti cha watu wote mpaka saa nne usiku.

Mkabala nami alikuwa askari kijana wa Haryana anayerudi kambini. Haryana ni jimbo dogo, lakini ukisoma orodha ya wachezaji wa timu yoyote ya ligi utakuta nusu kijiji wametoka huko. Alinieleza sababu bila mapambo: mchezo huu ni ajira. Reli, jeshi, polisi na mashirika ya serikali wana nafasi za wanamichezo, na kijana wa shambani akicheza vizuri anapata mshahara wa kudumu na pensheni. Ndugu yake mmoja yuko Reli kwa njia hiyo. Ligi ya televisheni ilikuja baadaye ikaongeza umaarufu, ila wazazi wa vijijini walikuwa wamekwisha kushawishika na pensheni.

Nilipomwambia habari za yule kocha wa Pune na swali lake, alicheka, akatandaza gazeti, akafungua pakiti ya biskuti za Parle-G. Saba upande huu, saba upande ule, peni katikati.

"Kila ukimtoa mpinzani mmoja, mwenzako mmoja aliyekuwa nje anarudi, kwa utaratibu waliotoka nao." Utaratibu huo wanauita Sanjeevani, nao ndio unaotumika leo, zamani palikuwa na Gaminee, ambapo aliyetoka haendi tena uwanjani mpaka timu nzima iishe, na Amar, ambapo hatoki mtu, zinahesabiwa pointi tu. Ukiwamaliza wote saba unaongezewa pointi mbili na wao wanarudi wote. Nyuma kabisa kuna mstari wa bonasi: mvamizi akiuvuka kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa hewani anapata pointi bila kumgusa mtu, ila tu kama walinzi wako sita au saba, na pointi hiyo haimrudishi mtu. Wakibaki watatu au pungufu, nao wakamshika mvamizi, wanapata pointi mbili badala ya moja. Na kwenye ligi, timu ikituma wavamizi wawili mfululizo wakarudi mikono mitupu, wa tatu sharti alete pointi, asipoleta anatoka.

Sasa nikaelewa kelele za Kondhwa. Timu yenye watu watatu inaweza kuwa hatari kuliko yenye watano. Mvamizi anayerudi bila kitu akapigiwa makofi, ni kwa kuwa amekula sekunde 30 timu yake ikiongoza. Nyota wao anaweza kuwa nje, naye harudi mpaka waliotoka kabla yake wamerudi, kwa hiyo timu nzima inacheza kumfikia kwenye foleni. Nguvu zinahitajika, sikatai, wala wale wanaume si wepesi. Lakini anayeshinda ni yule asiyepoteza hesabu akiwa hana pumzi.

Somo liliingia dosari moja. Kila biskuti iliyotolewa uwanjani, mtoto wa familia ya kitanda cha jirani aliichukua akaila. Ilipofika zamu ya mchezaji wa kwanza kufufuka, hayupo. Askari alimtazama mtoto, akatazama gazeti, akafungua pakiti ya pili.

Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba Kenya ilicheza Kombe la Dunia la 2016 pale Ahmedabad, na kwamba Wakenya kadhaa wamewahi kusajiliwa kwenye ligi hii. India ilichukua kombe lile kwa kuifunga Iran 38–29 kwenye fainali, ingawa kwenye mechi ya ufunguzi ilikuwa imefungwa na Korea Kusini. Nilipotaja Jakarta 2018 alitazama dirishani. Kabaddi iliingia Michezo ya Asia mwaka 1990 na wanaume wa India hawakuacha dhahabu hata mara moja, mpaka Iran walipowatoa nusu fainali Jakarta. Wanawake wao nao wakafungwa na Iran kwenye fainali ya michezo hiyohiyo. Dhahabu zote mbili zilirudi nyumbani kwenye michezo ya Hangzhou, mwaka 2023.

Baada ya Agra tulikwama kwenye ukungu. Sijawahi kuona kitu kile: nje ya dirisha ni weupe mtupu, treni inasogea, inasimama, inapiga honi, inasimama tena. Ilitakiwa kuingia Ludhiana alfajiri ya Ijumaa, ikaingia alasiri. Mama wa yule mtoto alinilisha paratha na achari asubuhi na mchana, na kila nilipokataa aliongeza moja.

Kwa atakayefuata: Januari kaskazini mwa India, usipange miadi siku ya kufika wala usiunganishe treni na ndege siku moja. Beba sweta nzito, soksi na chakula cha akiba.

Jumamosi, 20 Januari: Ludhiana

Baridi ya nyuzi saba asubuhi. Mji wa baiskeli na nguo za sufu. Nilinunua spoku, ringi na pedali, na muuzaji, Sardarji, yaani Singasinga, wa makamo, aliagiza supu kabla ya kutaja bei. Alipoona daftari langu lina mchoro wa uwanja wa kabaddi aliuliza nimeona wapi. Pune, nikamwambia. Akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Kesho utaona ya kweli."

Jumapili, 21 Januari: kijijini, nje ya Ludhiana

Ya kweli kwake ni kabaddi ya duara, ya Punjab. Uwanja ni duara kubwa shambani, watazamaji wamekaa kwenye majani, juu ya trela za matrekta na juu ya paa. Katikati kuna mstari wenye alama mbili. Mvamizi anatokea hapo na kurudi hapo. Anapoingia anawakuta walinzi wamejipanga, anamgusa mmoja, na kuanzia hapo ni wao wawili tu. Mlinzi wa pili akigusa, pointi inakwenda kwa mvamizi. Ni kumkumbatia, kumwangusha, kumzuia asirudi mpaka muda uishe. Vifua wazi, kaptura, kwenye baridi ile. Na hatoki mtu nje: pointi tu.

Vipaza sauti havikunyamaza. Mtangazaji alisoma majina ya watu walioko Kanada na Uingereza waliotuma ahadi ya fedha kwa uvamizi unaofuata: elfu moja akirudi, elfu mbili akizuiwa. Mwenyeji wangu aliniuliza ipi bora, akitegemea jibu moja. Nilimwambia hawa wana nguvu zaidi. Alifurahi, na sikusema uongo. Lakini kwangu mimi wa Pune wana mchezo mzuri zaidi. Huku hakuna foleni ya kufufuka, hakuna watatu waliobaki wanaotega mtego. Ukiona mapambano ishirini ya wawili-wawili umeona yote, japo ya ishirini na moja unaitazama umeshika roho.

Mchana tulikula langar, chakula cha bure cha gurudwara, hekalu la Masingasinga: dengu, wali, roti, mboga ya haradali na mkate wa unga wa mahindi. Tuliketi chini mstari mmoja, tajiri wa trekta na mimi. Aliyewahi kusimama Makindu, kwenye barabara ya Nairobi–Mombasa, anaijua mikono ile inayokuongezea kabla hujamaliza.

Mzee wa kilemba cha buluu aliyekaa kando yangu aligeuka akasema, kwa Kiswahili, "Bwana, watoka wapi?" Alizaliwa Nakuru, akaondoka akiwa kijana. Nomino zake zilikuwa zimebaki nyingi, vitenzi vichache. "Nakuru baridi bado?" Nikamwambia ukilinganisha na hapa, Nakuru ni jua kali. Alitafsiri kwa wenzake, wakacheka wote, akaniongezea samli kwenye mkate.

Kwa atakayefuata: mashindano ya vijiji hufanyika sana majira ya baridi, na makubwa kuliko yote ni ya kijiji cha Kila Raipur, kilomita chache kutoka Ludhiana, yaliyoanza mwaka 1933. Tarehe hubadilika, ulizeni madukani mjini. Hakuna tiketi. Uber haiji kukuchukua shambani usiku, kwa hiyo patana na dereva akungoje. Mimi nililipa rupia 1,500 kwenda, kungoja na kurudi.

Kurudi

Ludhiana kwenda Delhi kwa basi, ukungu tena, ndege ikachelewa. Mzigo wa Pune uliingia bandarini baadaye, boksi zote zipo kama risiti iliyoandikwa upya.

Fainali ya ligi ilichezwa Hyderabad, Ijumaa ya tarehe 1 Machi. Puneri Paltan wa Pune dhidi ya Haryana Steamers, mji wa mpwa wangu dhidi ya jimbo la askari wangu, nami niko dukani Mombasa nimeegemeza simu kwenye boksi la pedali. Pune walishinda 28–25, kombe lao la kwanza. Mpwa alipiga simu akipayuka, nyuma yake baruti. Askari alituma ujumbe kesho yake, bila salamu, akidai kwamba Haryana walipoteza hesabu kipindi cha kwanza. Niliirudia mechi nzima kuhakikisha. Nadhani ana haki.